Jinsi ya Kuchagua Cheti cha Sekondari cha Kimataifa kwa Ajili ya Chuo Kikuu cha Nje

Familia nyingi huanza kwa kuuliza mtaala upi ni bora, IB (International Baccalaureate) au A-level, mtaala wa Uingereza. Swali hilo halijibiki mpaka ijulikane mwanafunzi anataka kusoma nini na wapi. Ofisa wa udahili haangalii ukubwa wa jina la cheti. Anaangalia kama cheti kinatambuliwa nchini mwake, kama masomo yanayotakiwa yamo, kama alama zinafika, na kama matokeo yatamfikia kabla ya dirisha kufungwa. Likikosekana somo moja la lazima, ombi linakwama hapo hapo, hata kama alama nyingine zote ni za juu kabisa.

Kwa hiyo tunaanzia chuoni na kurudi nyuma hadi darasani. Ifanye kazi hii angalau mwaka mmoja kabla ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari kuanza. Masomo yakishachaguliwa na muhula wa kwanza ukapita, kubadilisha ni kugumu.

Hatua ya 1: Kozi na nchi kwanza, mtaala baadaye

Tengeneza jedwali. Kila chuo kipewe mstari wake, na safu ziwe hizi: kozi, masomo ya lazima na ngazi yake, alama za chini, mtihani wa udahili kama upo, cheti cha lugha, tarehe ya mwisho ya kuomba, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha matokeo kamili. Safu hiyo ya mwisho husahaulika sana, na ndiyo inayowagharimu watu mwaka mzima. Vyuo sita hadi vinane katika nchi mbili au tatu vinatosha.

Taarifa zichukuliwe kwenye tovuti ya chuo chenyewe, ukurasa unaohusu waombaji wenye vyeti vya nje. Wakala anaweza kusaidia kujaza fomu, lakini mawakala wengi hulipwa na vyuo wanavyoviwakilisha, na ushauri wao huishia kwenye orodha hiyo.

Ukianza kujaza jedwali utaona kwamba kila nchi inatafuta kitu chake. Uingereza inataka masomo machache yaliyosomwa kwa kina na yanayohusiana na kozi. Anayeomba uhandisi aje na Hisabati na Fizikia, na anayeomba udaktari kwa kawaida aje na Kemia na Baiolojia. Marekani inasoma rekodi nzima ya miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, pamoja na insha, barua za walimu na shughuli za nje ya darasa. Huko kwa kawaida hudahiliwi udaktari moja kwa moja kutoka sekondari: unamaliza shahada ya kwanza ndipo unaomba, kwa hiyo mwanafunzi anayeutaka udaktari mapema asiiweke Marekani kwenye safu moja na Uingereza au India.

Ujerumani inauliza swali la kisheria: je, cheti hiki kinalingana na Abitur, cheti chao cha kumaliza sekondari? Jibu linapatikana kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya kutambua vyeti vya nje, na linategemea mchanganyiko wa masomo, si jumla ya alama peke yake. Uholanzi inatazama hisabati kwa ukali, kwani kozi nyingi za uchumi, sayansi na uhandisi zinataja kabisa ni aina ipi ya hisabati inayokubalika. Italia huhesabu miaka, na kwa kawaida hutaka jumla ya miaka 12 ya shule kabla ya chuo. Mwanafunzi aliyerushwa darasa au aliyemaliza A-level baada ya miaka 11 anaweza kukwama hapo. India hudai hati ya ulinganifu kutoka AIU, umoja wa vyuo vikuu vya India, na kwa udaktari kuna mtihani wa NEET pamoja na masharti ya kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Nchi mbili zikigongana kwenye jedwali, fuata yenye masharti makali zaidi. Anayekidhi masharti ya Ujerumani kwa kozi za sayansi, kwa mfano, huwa hapati shida kubwa Uingereza. Kinyume chake si kweli.

Hatua ya 2: Kijue kila cheti kwa undani wake

IB Diploma. Mwanafunzi husoma masomo sita kwa miaka miwili: kwa kawaida matatu ngazi ya juu, ambayo shuleni huitwa HL, na matatu ngazi ya kawaida, SL. Saa za kufundishwa zinazopendekezwa ni 240 kwa somo la HL na 150 kwa la SL. Kila somo hupewa alama 1 hadi 7, hivyo masomo sita yanatoa 42. Alama 3 zilizobaki hutoka kwenye vitu viwili: insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na somo la nadharia ya maarifa linalojulikana kama TOK. Jumla ya juu kabisa ni 45. Kuna pia CAS, yaani shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii. CAS haina alama, lakini usipoikamilisha hupati diploma.

Watu wengi wanajua kwamba alama 24 zinatosha kufaulu. Wasichojua ni kwamba kuna masharti mengine juu ya hizo 24. Tazama mwanafunzi huyu: HL amepata 4, 4 na 3, SL amepata 5, 5 na 4, na alama moja ya ziada. Jumla ni 26, lakini hapati diploma, kwa sababu masomo yake matatu ya HL yamefika 11 wakati sharti ni 12. Ukipata 1 katika somo lolote, umekosa. Ukipata daraja E kwenye insha ndefu au TOK, umekosa pia, hata ukiwa na 35. Tunalisisitiza hili kwa sababu shule nyingi humsukuma kila mwanafunzi kuchukua diploma nzima, hata yule ambaye uzito wa mambo sita kwa pamoja utamwangusha.

Kitu kingine: vyuo vya Uingereza hutoa nafasi kwa jumla na kwa HL kwa pamoja, mfano 34 na 6, 6, 5 kwenye HL. Mwenye 36 aliyepata 5, 5, 5 kwenye HL anaweza kukosa nafasi ambayo mwenye 34 ameipata. Nguvu ielekezwe kwenye HL tatu.

A-level. Hapa mwanafunzi huchagua masomo matatu, wengine manne, na kuyasoma kwa miaka miwili. Daraja ni A* hadi E. Mwaka wa kwanza huitwa AS, na daraja lake la juu ni A, hakuna A* kwenye AS. Kwa anayejua anachokitaka na mwenye masomo mawili matatu anayoyamudu vizuri, hakuna cheti kinacholingana na hiki kwa kina. Udhaifu wake ni huo huo: ukichagua Historia, Sosholojia na Kiingereza, kisha ukaja kuutamani uhandisi, hakuna njia ya mkato.

Bodi mbili zinazokutwa sana nje ya Uingereza ni Cambridge International na Pearson Edexcel, na tofauti yake ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Cambridge hufanya mitihani Mei hadi Juni na Oktoba hadi Novemba, na India ina msimu wa Machi. Alama za AS unaweza kuzihifadhi na kuja kumalizia sehemu ya pili, mradi usizidi miezi 13. Huwezi kurudia karatasi moja peke yake. Edexcel ya kimataifa imegawanywa katika yuniti, mitihani iko Januari, Juni na Oktoba, na yuniti moja iliyoharibika inaweza kurudiwa pekee.

Kwa masomo ya sayansi tofauti inaongezeka. Fizikia, Kemia na Baiolojia za Cambridge zina karatasi tano, na karatasi ya 3 ni ya vitendo: unaingia maabara, unapima, unarekodi. Kwa Edexcel ya kimataifa, yuniti 3 na 6 hupima ujuzi wa maabara kwa maandishi. Mtahiniwa wa kujitegemea asiye na maabara atapata tabu sana kupata kituo kitakachompokea kwa karatasi ya 3 ya Cambridge, wakati kwa Edexcel anakaa kwenye chumba cha mtihani kama wengine. Hata hivyo usije ukamwacha mwanafunzi bila kugusa vifaa kabisa, maana maswali ya yuniti hizo mbili yameandikwa kwa mtu aliyewahi kumwaga kitu kwenye bureti na kusoma kiwango chake.

AP (Advanced Placement). Hizi ni kozi na mitihani ya College Board, shirika la mitihani la Marekani, zaidi ya 35, na kila moja kwa kawaida ni ya mwaka mmoja. Alama ni 1 hadi 5, mitihani ni Mei, na matokeo hutoka Julai. AP yenyewe haikamilishi elimu ya sekondari. Inasimama juu ya diploma ya shule ya mfumo wa Kimarekani. Ukienda Marekani na Kanada inakupa nguvu kwenye ombi na pengine krediti za mwaka wa kwanza. Ukitaka kuitumia Uingereza au bara la Ulaya, hesabu hubadilika: vyuo hutaka AP kadhaa zenye alama 4 au 5, zikiwa za masomo yanayohusu kozi. Calculus AB na Calculus BC kwa kawaida huhesabiwa kama somo moja, kwa hiyo kufanya zote mbili ni kupoteza nafasi. Kwa uhandisi wa Uingereza, Physics 1 na Physics 2 mara nyingi hazitoshi, kwani hazitumii kalkulasi, na vyuo hutafuta Physics C.

Diploma ya Ontario, OSSD. Inapatikana kwenye shule nyingi za kimataifa na za mtandaoni. Mwanafunzi anahitaji krediti 30, kila krediti ikiwa saa 110, pamoja na saa 40 za kujitolea na kutimiza sharti la kusoma na kuandika. Chuo huangalia wastani wa kozi sita za darasa la 12 za ngazi ya chuo kikuu. Asilimia 70 ya alama ya kila kozi hutokana na kazi za mwaka mzima na 30 na tathmini ya mwisho. Humfaa mwanafunzi mwenye bidii ya kila siku ambaye mtihani mmoja wa saa mbili humkata miguu. Hatari yake tutaiona kwenye hatua ya kukagua shule.

Baccalauréat ya Ufaransa. Humfaa anayesoma kwa Kifaransa na anayelenga Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi au Quebec. Masomo ya utaalamu huwa matatu katika Première, mwaka wa kabla ya mwisho, na hubaki mawili katika Terminale, mwaka wa mwisho; kuna mtihani wa falsafa, na kuna Grand oral, mtihani wa kujieleza mbele ya wasahihishaji. Alama ni kati ya 20 na kufaulu ni 10. Mzazi aliyezoea asilimia asishtuke kuona 14. Hiyo ni heshima ya pili, bien, na 16 ni très bien. Somo la utaalamu linaloachwa mwishoni mwa Première ndilo lenye hatari: ukiiacha hisabati bila kuchukua kozi ya nyongeza ya hisabati katika Terminale, kozi nyingi za uhandisi na uchumi zinafungwa.

Hatua ya 3: Chagua masomo, hasa hisabati

Kama kuna jambo moja la kulichunguza kwa jicho kali, ni hisabati. IB ina kozi mbili: Analysis and Approaches, inayoitwa AA, yenye aljebra na kalkulasi nyingi, na Applications and Interpretation, AI, yenye takwimu na matumizi. Kila moja ina HL na SL, kwa hiyo kuna njia nne. AI ya SL ndiyo nyepesi kuliko zote, na wanafunzi huikimbilia ili wapandishe jumla. Sasa fuata kinachotokea. Mwanafunzi amepata 38, anaomba Ujerumani. Kanuni za nchi hiyo kuhusu IB zinakubali AA ya ngazi zote mbili, na AI ikiwa ya HL. AI ya SL haitoshelezi sharti la hisabati. Alama 38 zake haziwezi kuziba pengo hilo, na anaambiwa apitie Studienkolleg, mwaka wa maandalizi wenye mtihani wake mwishoni, wakati mwenzake mwenye 29 na AA ya SL ameingia moja kwa moja.

Ujerumani hiyo hiyo inataka kwenye IB lugha mbili za kundi A (lugha unayoimudu kama ya kwanza) au B (lugha ya kigeni), somo la sayansi kati ya Baiolojia, Kemia na Fizikia, na somo la jamii. Kati ya HL tatu, moja iwe hisabati au mojawapo ya sayansi hizo. Somo la mazingira, ESS, ni zuri kwa maarifa, lakini usilitumie kama sayansi yako pekee. Kwa A-level, jipange kuwa na masomo matatu kamili na angalau AS moja ya somo la nne, kwa sababu tatu pekee hazikamilishi hesabu yao.

Kwa A-level na kozi za hisabati zenye ushindani mkubwa Uingereza, chukua Further Mathematics, somo la ziada la hisabati ya juu, kama shule inayo. Cambridge na Imperial ni mifano ya wazi. Kama shule haina, liulize chuo mapema wanafanyaje na waombaji wa aina yako, na ulihifadhi jibu la barua pepe.

Kwa ambaye bado hajaijua kozi, ushauri wetu ni Hisabati, Kemia na somo moja la kuandika kwa hoja, kama Historia au Uchumi. Mchanganyiko huo unaacha milango mingi wazi: sayansi za maisha, uchumi, biashara na sheria. Fizikia ikiongezwa kama somo la nne, uhandisi nao unabaki. IB ina faida hapa kwa sababu upana umeshajengwa ndani yake.

Usisahau msingi wa chini. Vyuo vya Uingereza huomba pia matokeo ya IGCSE, mitihani inayofanywa kabla ya A-level, au yanayolingana, hasa Hisabati na Kiingereza. Kwenye IGCSE ya Cambridge kuna ngazi ya Core na ya Extended, na Core daraja lake la juu kabisa ni C. Mwanafunzi aliyewekwa Core anaweza kujibu kila swali sawasawa na bado asipate B. Muulize mwalimu kwa maandishi mtoto ameandikishwa ngazi ipi kabla usajili haujafungwa.

Hatua ya 4: Linganisha kalenda

Matokeo ya IB ya mitihani ya Mei hutoka mwanzoni mwa Julai, na ya Novemba katikati ya Desemba. Matokeo ya Cambridge ya Mei na Juni hutoka katikati ya Agosti, na ya Novemba hutoka Januari.

Weka tarehe hizo karibu na za vyuo. Ujerumani, maombi ya muhula wa baridi kwa kozi nyingi hufungwa 15 Julai. Mwenye IB anapata siku chache za kukimbizana na nyaraka. Mwenye A-level ya Juni matokeo yake yanatoka mwezi mmoja baada ya dirisha kufungwa, na hapo anasubiri muhula mwingine. Dawa yake ni kufanya mitihani ya mwisho Oktoba na Novemba, au Januari kwa Edexcel, ili kufikia Julai cheti kiwe mkononi. Uamuzi huo hufanywa mwanzoni kabisa, kwani ufundishaji lazima uwahi kumalizika.

Uingereza haina shida hiyo, kwa sababu hudahili kwa alama za makadirio kutoka kwa walimu, kisha hutoa nafasi yenye masharti na kusubiri matokeo. Lakini tarehe zake ni za mapema: 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia kwa Oxford, Cambridge, udaktari wa binadamu, wa meno na wa mifugo katika vyuo vingi, na Januari kwa kozi nyingi zilizobaki. Maana yake alama za makadirio hupangwa mwanzoni mwa mwaka wa pili, zikitegemea kazi za mwaka wa kwanza. Anayesema ataanza kusoma kwa nguvu mwaka wa pili tayari amechelewa.

Uholanzi, kozi zenye idadi maalumu ya nafasi hufungwa 15 Januari. Marekani, maombi ya mapema mengi ni Novemba na ya kawaida ni karibu na mwanzo wa Januari. Australia huanza mwaka wa masomo Februari au Machi, hivyo mitihani ya Novemba inakaa vizuri zaidi kwa huko.

Hatua ya 5: Ikague shule kabla ya kulipa

Jina la mtaala kwenye bango la geti si ushahidi. Fanya hivi.

Kwa IB, tafuta jina la shule kwenye tovuti ya shirika la IB na uone kama imeidhinishwa kwa programu ya Diploma hasa. Shule ambayo bado ni mgombea haijaidhinishwa, na haiwezi kuwasajili wanafunzi kwa mitihani. Shule inaweza pia kuwa na idhini ya programu ya watoto wadogo tu, huku tangazo lake likisema IB bila kufafanua.

Kwa Cambridge, omba namba ya kituo, yenye herufi mbili na tarakimu tatu. Uliza kama ni kituo chao wenyewe au huwapeleka wanafunzi kwingine, na kama kwingine, nani hutoa alama za makadirio na barua ya mwalimu. Kwa AP, kozi iwe imeidhinishwa na College Board ndipo iandikwe AP kwenye rekodi ya mwanafunzi.

Kwa OSSD, uangalifu uongezeke. Shule binafsi inayotoa krediti lazima iwe kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Ontario na iwe imekaguliwa. Shule zinazogawa alama za 95 kwa kila mtu zimekuwepo, na vyuo vya Kanada vinazifahamu. Baadhi ya vyuo hupunguza uzito wa alama kutoka shule ambazo wanafunzi wake huanguka mwaka wa kwanza. Shule ikikuahidi alama kabla ya kumfundisha mtoto, ondoka.

Maswali ya kumwuliza mkuu wa shule, bila kuona haya: wanafunzi wangapi walifanya mtihani mwaka uliopita, na wangapi walianza kozi hiyo miaka miwili kabla? Pengo kubwa kati ya namba hizo mbili lina maana kwamba dhaifu waliondolewa ili wastani upendeze. Mwalimu wa Fizikia amefundisha silabasi hii kwa miaka mingapi? Alama za makadirio za mwaka uliopita zilitofautiana vipi na matokeo halisi? Shule inayokadiria juu sana huwapa wanafunzi nafasi zenye masharti wasiyoweza kuyafikia, na Agosti inakuwa ya machozi.

Kwenye gharama, usiishie kwenye karo. Mitihani hulipiwa kwa kila somo au yuniti, kuna ada ya kuchelewa kujisajili ambayo ni kubwa, ada ya kutuma matokeo chuoni, ada ya kusahihisha upya na ada ya kurudia. Andika zote kabla ya kutia sahihi.

Hatua ya 6: Mitihani ya udahili na ya lugha

Cheti chochote utakachochagua hakikuondolei mitihani ya udahili. Udaktari Uingereza kuna UCAT, sheria katika vyuo kadhaa kuna LNAT, baadhi ya kozi za uhandisi na sayansi zina ESAT, hisabati ya Cambridge ina STEP. Marekani kuna SAT au ACT, ingawa vyuo vingi vimeiacha iwe hiari. Iandike kwenye kalenda ile ile, kwa kuwa usajili wake hufungwa mapema na vituo hujaa.

IELTS na TOEFL kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka miwili. Ukifanya mapema mno matokeo yanaisha muda kabla hujaomba viza. Kabla ya kulipia, angalia kama Kiingereza chako cha IGCSE au cha IB kinakubaliwa na chuo. Vyuo vingine vinakubali Kiingereza cha lugha ya kwanza na kukataa kile cha lugha ya pili, hata kikiwa na A.

Hatua ya 7: Nyaraka na matokeo

Jina kwenye usajili wa mtihani liwe sawa na la pasipoti, herufi kwa herufi na kwa mpangilio huo huo. Hakiki taarifa ya usajili shule inapokupa nakala, si baada ya cheti kuchapwa. Kusahihisha cheti kilichotoka huchukua wiki nyingi na huhitaji kiapo na nakala za cheti cha kuzaliwa.

Siku ya matokeo unapewa taarifa ya matokeo tu, cheti chenyewe hufuata baada ya wiki kadhaa. Kiulize chuo kama kinakubali taarifa ya muda. Kwa IB, mratibu wa shule huomba mapema nakala rasmi zitumwe moja kwa moja kwa vyuo ulivyovitaja, kwa hiyo mpe orodha yako kabla ya mitihani. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961 hutaka apostille, muhuri wa kuthibitisha hati kwa matumizi ya nje, kwenye cheti. Zisizo kwenye mkataba hutaka uthibitisho wa ubalozi, ambao ni mrefu zaidi. Omba nakala mbili zilizothibitishwa, moja ibaki nyumbani.

Alama zikipungua kidogo, piga simu chuoni siku hiyo hiyo ukiwa na namba yako ya maombi mkononi, kabla ya kuomba kusahihishwa upya. Kusahihisha upya kunaweza kupandisha daraja au kulishusha, kwa hiyo uliza alama ulizopata zipo umbali gani na mpaka wa daraja linalofuata. Zikiwa moja au mbili chini ya mpaka, omba. Zikiwa katikati ya daraja, weka pesa hiyo kwenye kurudia mtihani wa Oktoba, na uulize kwanza kama kozi yako inapokea alama za kurudia, maana kozi nyingi za udaktari zinataka zote zipatikane katika msimu mmoja wa mitihani.